Klike na duyi zenye "garanti ya maisha" zinavunjika, depo imenikataa. Ninunue nini hapa Lubumbashi?

Mekano wa Kasenga

Jambo yenu bandugu. Nina garaji ndogo kwenye barabara ya Kasenga, kazi yangu kubwa ni HiAce za abiria na Canter. Naomba ushauri, maana jambo hili linanila pesa na linanichelewesha mbele ya wateja.

Mwaka jana nilinunua sanduku zima la vifaa kwenye depo moja mjini: kle (spana) za milimita 8 hadi 32, duyi (soketi) za kuvalishwa kwenye klike ya nusu inchi, klike mbili (mikono ya kuzungushia duyi, inayoshika upande mmoja tu), tunevisi (bisibisi) na pensi (koleo). Juu ya kifuniko imeandikwa kwa herufi kubwa "garanti ya maisha". Muuzaji aliniambia kikivunjika chochote nirudi tu, nitapewa kingine.

Sasa duyi ya 19 imepasuka ubavuni, ufa umeanzia mdomoni hadi katikati, na pembe za ndani zimelika hadi bulo (bolti) inazunguka humo bila kushikwa. Klike inaruka. Unavuta, inashika, halafu inaachia ghafla na ngumi inaishia kwenye chuma. Kijana wangu anafanya kazi na vidole vimefungwa kitambaa. Kle 17 nayo kromu inabanduka vipande vyenye makali ya wembe.

Nilirudi depo na sanduku na fakturi (risiti). Mara ya kwanza mwenye duka amesafiri. Mara ya pili garanti ni ya sanduku zima, si ya kipande kimoja. Mwishowe wakaniambia niandikie kiwanda. Kwenye sanduku hakuna anwani ya kiwanda chochote, kuna jina la chapa na jina la nchi basi.

Marehemu baba alikuwa ajista, yaani fundi wa vyuma, kwenye shirika la reli SNCC. Kle zake za Facom ninazo hadi leo, kromu imekwisha lakini mdomo haujapanuka. Je, nitafute za zamani sokoni? Ninunue mpya za bei kubwa? Na hii garanti, kuna njia ya kuidai?

Papa wa Panda

Mwanangu, pole sana, na pole kwa huyo kijana. Nilifanya kazi Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, kwenye karakana za Panda kule Likasi, kwa hiyo vifaa nimevishika maisha yangu yote.

Kabla sijasema neno, nijibu: hiyo duyi ya 19 mliiweka kwenye mashine ya hewa? Na klike mnaifungulia mabulo yaliyokaza?

Mekano wa Kasenga

Hapana papa, kompresa sina. Mabulo magumu tunayafungua kwa bari ndefu isiyo na meno, klike inakuja baadaye kumalizia.

Papa wa Panda

Basi chuma ndicho kibaya, msilaumiwe ninyi. Duyi zinazong'aa ni za mkono, ukizipeleka kwenye mashine ya hewa zinapasuka hata zikiwa nzuri. Za mashine ni zile nyeusi, nene, za kromu-molibdeni, chuma kinachovumilia mapigo. Lakini duyi ya mkono kupasuka kwa nguvu ya mkono, hapo walikosea kwenye moto. Chuma cha kromu-vanadi kinataka kupashwa, kuzimishwa, kisha kupashwa tena kwa moto mdogo ili kisibaki kikavu. Hatua ya mwisho ikifanywa kwa haraka, chuma kinakuwa kigumu lakini kinapasuka. Ikizidi, kinalegea na pembe zinalika. Wewe umepata yote mawili kwenye sanduku moja, maana yake hakuna anayepima kule kinakotoka.

Kuhusu za zamani, sikiliza vizuri. Kle za baba yako ni nzuri kweli. Ila usidhani kila kilichokuja enzi zile kilikuwa hivyo. Kwetu kle iliyopanuka mdomo ilirudishwa magazini (stoo), ikatupwa, ikaletwa nyingine. Mbovu hazikubaki kukusalimu leo. Na kulikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kukataa mzigo mbaya kabla haujaingia magazini. Huo mkono wa kukataa ndio uliokufa. Leo ni wewe peke yako mbele ya kaunta.

Mtoto wa Katuba (Texas)

Papa amesema kweli. Niongeze upande wa makampuni, kwa sababu huku niliko watu wanalalamika hivyo hivyo.

Facom ni kampuni ya Ufaransa ya tangu 1918. Mwaka 2006 ilinunuliwa na Stanley ya Marekani, na mwaka 2010 Stanley ikaungana na Black & Decker. Kampuni hiyo hiyo ikanunua jina la Craftsman kutoka Sears mwaka 2017. Kwa miaka mingi Mmarekani akivunja kle ya Craftsman aliingia duka la Sears, akaiweka kaunta, akatoka na nyingine bila maswali. Sears ilifilisika 2018, maduka yakafungwa moja baada ya jingine. Garanti kwenye karatasi ipo, lakini ile kaunta iliyokuwa karibu na nyumba haipo. Wale wa Stanley walijenga hata kiwanda kipya Fort Worth, hapa Texas, ili zitengenezwe tena Marekani, mwaka 2023 wakatangaza kukifunga.

Nakuambia haya, kaka, uone kwamba jina lililochongwa kwenye chuma halikuambii tena ni nani aliyekifua wala wapi. Na soma masharti: mara nyingi garanti ya maisha haihusu vitu vinavyolika kwa kawaida, yaani lime (tupa), misumeno, ncha za tunevisi. Klike, wengine wanakutengenezea ile ile kwa kubadilisha meno ya ndani. Wengine wanataka kifaa kirudi nchi kilikonunuliwa. Ukiwa Lubumbashi, kutuma duyi moja nje kunakula bei ya duyi mpya.

Mama Kenkaye

Jambo mwanangu. Nauza kenkayeri (vifaa vya ufundi na ujenzi) soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, naomba mnisikilize na mimi kabla hamjatuita wezi.

Mzigo wangu unapita Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Ninayemnunulia naye amenunua kwa mtu mwingine, na huyo kwa mwingine tena. Mteja akileta duyi iliyopasuka, hakuna hata mmoja kwenye mnyororo huo atakayenirudishia kitu. Nikibadilisha, natoa mfukoni kwangu. Kwa hiyo yule wa depo aliyekuahidi maisha yote alikuahidi kitu ambacho yeye mwenyewe hakuahidiwa. Hapo amekosa, simtetei.

Mimi ninachofanya kwa mafundi ninaowajua: naandika kwenye fakturi, kwa mkono wangu, "klike nusu inchi, miezi mitatu, nabadilisha", na sahihi. Kifaa kibovu kinajionyesha mapema, kazi za wiki chache tu. Kwa bei ya kawaida siwezi zaidi ya hapo. Na siandiki hivyo kwa sanduku zima, kwa sababu kwenye sanduku la vipande vingi najua kabisa kuna vilivyowekwa kujaza nafasi. Nunua kipande kwa kipande, mwanangu. Mwambie muuzaji afungue plastiki, uje na bulo mpya ya 19 mfukoni, uivalishe duyi pale pale. Ikicheza kushoto na kulia, rudisha.

Sheria na Haki

Kuhusu kudai: sheria yetu ya mikataba, dekreti ya 30 Julai 1888, inamfanya muuzaji awajibike kwa kasoro iliyofichika kwenye kitu alichouza, hata kama yeye mwenyewe hakuijua, isipokuwa mlikubaliana vinginevyo. Mnunuzi anachagua: kurudisha kitu na kupewa pesa yake, au kubaki nacho na kurudishiwa sehemu ya bei. Lakini inataka udai upesi baada ya kugundua. Kati ya wafanyabiashara kuna pia sheria za OHADA, yaani sheria za biashara za pamoja za nchi kadhaa za Afrika, zinazotumika kwetu tangu 2012, nazo hazimpendi mnunuzi anayekaa kimya.

Kwa hiyo jibu la "andikia kiwanda" si jibu. Uliyempa pesa ni depo. Andika barua fupi, weka kopi ya fakturi na picha ya ule ufa, wape, na kopi yako waigonge muhuri wa kupokea. Si lazima ufike mahakamani. Wengi wanalegea wakiona karatasi.

Fundi Kolwezi

Mimi sikubaliani na wanaosema ununue kila kitu cha gharama. Garaji ndogo haiwezi. Tenga vinavyobeba nguvu: klike, bari, duyi za 17, 19 na 21, kle za 10, 13, 17 na 19. Hapo lipa, moja moja, hata ikichukua miezi. Duyi chukua za pembe 6, si 12, maana zinasukuma ubavu wa bulo na haziondoi kona. Tunevisi, nyundo, pensi ya kukatia waya, chukua za bei ya chini, zikiharibika hazikuvunji mkono.

Za mitumba tafuta, lakini fungua macho. Wakati wa kuondoka kwa hiari Gécamines mwaka 2003 watu wengi walitoka, na vifaa vizuri viliingia mitaani. Sasa vimebaki vichache na vya kuiga ni vingi, jina kubwa limepigwa kwenye chuma cha hovyo. Tazama herufi: zikiwa zimekaa juu juu au zimepinda, acha. Pitisha lime ndogo mahali pasipoonekana: ikikata kirahisi kama inavyokata bulo ya kawaida, acha.

Mekano wa Kasenga

Aksanti sana, papa, mama na bandugu wote. Barua napeleka depo Jumatatu na picha. Mama Kenkaye, nitakuja sokoni na bulo mfukoni kama ulivyosema, nianze na duyi tatu za pembe 6. Swali la mwisho: klike mpya, nichukue ya meno mengi? Wauzaji wanaisifu ile ya meno 72.

Papa wa Panda

Meno 72 inashika kila digrii 5, ya meno 24 inataka digrii 15 kabla ya kushika. Chini ya Canter, mahali mkono hauna nafasi, tofauti hiyo ni kubwa. Lakini meno mengi ni meno madogo, na vumbi letu jekundu likiingia na kuchanganyika na grisi nzito, kile kidole cha ndani hakishuki hadi mwisho, ndiyo kuruka kwenyewe. Chukua inayofunguka kwa skrubu na ambayo kit ya ndani (vipuri vyake) inauzwa. Usiichukue ile iliyozibwa.

Hiyo uliyonayo usiitupe bado. Ifungue, ioshe kwa petroli (mafuta ya taa), iache hadi ikauke, tazama meno. Yakiwa yamevunjika au yamekuwa duara, iweke pamoja na duyi kama ushahidi wa barua yako. Yakiwa mazima, weka mafuta mepesi matone machache, si grisi, kisha ijaribu kwenye bulo iliyobanwa kwenye eto (jiliwa), taratibu, kabla hujampa kijana.