Mpira wa CV "ori" umedumu wiki tano tu, na mafundi wote wimbo ni mmoja: nunua CV nzima

Wakuu habari za jioni. Naandika hapa mikono bado ina grisi, simu inateleza na mama watoto kashanipiga marufuku kugusa taulo, kwa hiyo mkiona nimekosea herufi mnivumilie.

Gari ni RAV4 ya 2003, fo wili, na mimi naishi Goba ya ndani ndani, huko ambako masika ikianza bodaboda anakwambia bosi mimi naishia lami. Mwezi wa tatu naosha gari nikaona rimu ya mbele kushoto kwa ndani imerukiwa grisi nyeusi mpaka kwenye shokapu. Kulala chini nichungulie, mpira wa CV wa nje (ule unaofunika jointi ya shafti upande wa tairi na kushikilia grisi yake) umechanika kwenye mkunjo karibu nusu mzunguko. Lakini gari ilikuwa hailii kabisa, nakata kona mpaka stelingi inagota, kimya, hamna ile ka-ka-ka ya CV iliyokufa. Nikasema afadhali nimewahi, hapa ni kuosha, grisi mpya, mpira mpya, klipu mbili, maisha yanaendelea.

Thubutu. Gereji ya kwanza fundi hata kuinama hajainama, kachungulia huku kashika simu, "bosi hiyo CV imeshakufa, leta laki na nusu nikutafutie nzima ya mtumba". Imekufa umeipimaje? Hujaendesha, hujaitikisa, umeona grisi tu ushatangaza msiba. Gereji ya pili hivyo hivyo. Ya tatu jamaa akakubali kufunga mpira tu, elfu 40, nimekaa kwenye benchi nakunywa soda namwona kaleta mpira uliopasuliwa ubavuni, anaupaka gundi, halafu anatoa zipu tai abanie! Zipu tai wakuu, zile za kufungia nyaya! Nikamwuliza hii itakaa kweli, akanijibu "hiyo ya muda tu bosi, dawa ni kununua nzima". Nikabeba gari yangu nikaondoka.

Na sababu ya wimbo huo tunaijua. Kubadilisha mpira ni kazi chafu ya nusu siku, kubadilisha nzima anatoa anachomeka, na kwenye ile ya mtumba kuna cha juu chake. Nayo hiyo ya mtumba mipira yake ina umri kama wa gari lako, ukiikunja unaona nyufa, kwa hiyo umelipa laki na nusu kununua ugonjwa ule ule.

Basi nikaamua kufunga mwenyewe nyumbani. Mpira nikanunua Kariakoo elfu 25 na grisi yake na klipu, muuzaji anaapa hii ni ori kabisa. Jumamosi asubuhi nikaanza na ile nati kubwa ya katikati, ya 30, gurudumu likiwa bado chini, nimeweka bomba kwenye mkono wa spana na shemeji yangu kasimama juu ya bomba anarukaruka ndo ikaachia. Jeki, stendi, boli joint ya chini, tairodi, nikachomoa shafti, oili ya giaboksi ikachuruzika kwenye beseni la kufulia (hilo nalo ni kesi nyingine humu ndani).

Sasa hapa ndo nilipoteseka. Niliangalia video ya gari nyingine, jamaa anagonga CV ya nje nyundo mbili inachomoka. Mimi nimegonga saa nzima na nusu, mkono umevimba, haisogei hata nywele. Mzee mmoja jirani, dereva mstaafu, akaja kuegemea ukuta akaniangalia weee, mwisho akasema "mwanangu hapo utagonga mpaka Krismasi". Kumbe kwenye hii Toyota, CV ya nje haitolewi! Unafungua ya ndani, ile yenye roli tatu, unaweka alama, unatoa klipu ya duara, unaigonga inatoka, halafu mpira wa nje unaupitishia huko huko. Yaani mafundi watatu wote wale hakuna aliyenipa hata hicho kisentensi.

Nikaosha na petroli, nikasugua grisi ya zamani kwenye vidole kusikia kama ina mchanga, haikuwa na mchanga. Nikashindilia grisi nyeusi ya moli ndani ya jointi, iliyobaki kwenye mpira, nikatoa hewa kwa bisibisi ndogo, nikabana. Klipu ndogo ikakatika mara ya kwanza kuikaza, ikabidi nirudi mjini kutafuta nyingine. Saa moja usiku nimemaliza, gari imetulia kama maji ya mtungi.

Juzi, wiki tano tu, rimu nyeusi tena. Nimefungua mpira "ori" umechanika mkunjo ule ule, nikiukunja na dole gumba unatoa michirizi myeupe kama ndoo ya plastiki iliyokaa juani. Ule wa ndani uliokuja na gari, miaka ishirini na zaidi, bado laini! Nimeupeleka dukani, jamaa kanionyesha risiti, mali ikishauzwa hairudishwi. Halafu akauliza, "nani alifunga?" Nikasema mimi. Akacheka, "basi hukufunga vizuri". Nimefunga vibaya ndo mpira uchanike katikati? Klipu zote mbili ziko pale pale zimebana!

Na safari hii grisi ina mchanga, nausikia kwenye vidole. Ikianza kulia nitaambiwa si tulikwambia.

Naomba mwenye kujua anisaidie wapi napata mpira wa ukweli, hata uwe wa elfu 60 nitatoa, na kama kuna mtu wa Goba, Madale au Mbezi ana koleo ile ya kukazia klipu aniazime, nimechoka kukaza na pincha. Anayekuja kuniambia ninunue CV nzima apite kimya kimya. Shafti iko juu ya kiroba uwani nimeifunika nailoni, gari iko kwenye stendi, Jumatatu saa mbili natakiwa Posta, na daladala za huku mvua ikinyesha mnazijua.