MREJESHO: Taa ya eabegi imezima, shida ilikuwa chini ya kiti

Wakuu, niliwauliza kuhusu kigari changu kinachowasha taa ya eabegi (mfuko wa hewa unaofunguka kukukinga kwenye ajali) kila nikisogeza kiti cha abiria. Asanteni sana, imepona.

Fundi wa kwanza alitaka kung'oa balbu tu. Nilikataa kabisa: taa ile ikiwaka, eabegi zinaweza zisifunguke siku ya ajali.

Wa pili, fundi umeme, akapima kwa mashine. Ikaonyesha hitilafu kwenye saketi ya eabegi ya pembeni. Akachomoa waya hasi wa betri, akasubiri kama dakika 10, ndipo akaingiza mkono chini ya kiti. Soketi ya njano imelegea, pini zimeota kutu ya kijani, nadhani ni maji ya kuoshea kapeti. Akasafisha, akaisukuma hadi ikalia "ta!", akaufunga waya usivutwe tena, akafuta kodi ya hitilafu (namba ya kosa) kwenye kompyuta ya gari.

Sensa, yaani kifaa cha kitini cha kutambua abiria, ilikuwa nzima. Mzigo mzito kitini kuwasha taa ya mkanda ni kawaida, msikimbilie kununua sensa nyingine.

Na tafadhali, fundi asipime eabegi kwa mita ya kawaida. Umeme kidogo tu unaweza kuifyatua usoni kwake.