Maji ya mashine ya kufulia yanaishia pwani, manyoya ya nguo niyachuje vipi?

MamaJezi: Habari zenu wakuu. Nina ofisi ndogo ya kufua nguo hapa Mikindani, Mtwara. Wateja wangu wakubwa ni nyumba za wageni (yale mablanketi ya manyoya) na timu za mtaani. Maji machafu yanapita mtaroni hadi ufukweni, na bahari ikipwa akina mama wanaokota chaza palepale. Kwenye mdomo wa bomba pananasa utando wa rangirangi kama sufi. Mpwa wangu wa chuo anasema ile ni plastiki. Kweli? Na nifanyeje bila kufunga biashara? Chujio la kuagiza nje siliwezi.

Kusi_Kavu: Dada, mpwa wako hajakudanganya. Poliesta, naironi na akriliki za jezi na mablanketi hayo ni plastiki, na nguo zikisuguana majini zinanyofoka nyuzi nyembamba kuliko unywele. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walikadiria kwamba mzigo wa kilo 6 wa akriliki unaweza kumwaga nyuzi zaidi ya 700,000. Chaza naye anakula kwa kuchuja maji, na sisi tunamla na tumbo lake.

Babu_Ligula: Haya tena! 2019 mlitunyang'anya mifuko ya plastiki, sasa zamu ya jezi? Nyavu mbovu na kamba za mwani zimejaa baharini, nyie mmemkalia kooni dobi.

Kusi_Kavu: Babu, la nyavu sikupingi. Ila dada kauliza bomba lake.

FundiMtaro: Mashine inatema maji kwa nguvu, kwa hiyo ukifunga kitambaa mdomoni kitafumuka. Yaingie kwanza kwenye pipa, yatulie, ndipo uyatoe polepole kwenye ndoo yenye kokoto chini na mchanga juu. Juu ya mchanga tandika kanga kuukuu, ya pamba lakini. Nyuzi zote hutazimaliza, zile laini sana zitapenya, ila utando huo unaouona utabaki kwenye kanga. Halafu jaza mashine vizuri, nguo chache zinapigana sana. Maji ya baridi, mzunguko mfupi. Blanketi jipya ndilo linalomwaga zaidi mafuo ya mwanzo, hilo lichujie kwa makini.

MamaJezi: Asanteni sana. Na hayo manyoya nikishayanasa? Kijana wangu anataka kuyachoma na taka.

Kusi_Kavu: Asithubutu, moshi wa plastiki mtauvuta nyie. Na kanga msiisuuzie mtaroni, mtakuwa mmechuja bure! Ianike ikauke, ibanduliwe utando, ufungwe kwenye kiroba usubiri gari la taka.

Babu_Ligula: Pipa la lita 200 ninalo, limekaa tu uani. Elfu ishirini, na jezi za wajukuu unanifulia.

MamaJezi: Kumi na tano babu, jezi nafua. Nakuja inbox.