Mataa ya mtaani kwetu kijani sekunde 12 tu, nianzie ofisi gani?

Mama Wawili:
Wakuu habari za asubuhi, naombeni ushauri maana nimechoka. Niko Dar, barabara yetu ya mtaani inaingia barabara kubwa kwenye mataa, wapi sitaji mtanijua bure. Upande wetu tunapewa kijani sekunde 12, nimepima na simu, barabara kubwa inakula karibu 90. Ikiwaka kijani wa mbele bado anatafuta gia, wa nyuma anapiga honi, zinapita gari tano njano hiyo, na kama wa mbele anakata kulia ndo basi tena, anasubiri wanaotoka ng'ambo wapite na sisi wote tumeganda nyuma yake. Usiku sasa ndo kichekesho, barabara kubwa nyeupe haina hata bajaji lakini taa nyekundu imekukodolea macho, mwanamke uko peke yako umepandisha vioo. Nimeenda ofisi moja wakasema si yetu nenda kule, kule nako vilevile. Kuna mtu alishafuatilia mambo haya yakabadilishwa kweli?

boda_wa_kitaa:
Ndo maana sisi hatusimamagi hapo dada 😂

Mzee wa Kigamboni:
@boda_wa_kitaa na ndo maana pale MOI, hospitali ya mifupa Muhimbili, mmejaa.

Nondo12:
Dada nimefanyafanya kazi za barabara. Gari zikishakolea mwendo inapita moja kila sekunde 2 kwenye njia moja, ila za mwanzo zinachelewa kuondoka, kwahiyo sekunde 12 ni gari tano, umeona sawa. Mataa mengi yanaenda kwa muda uliowekwa siku yanafungwa, baadae mtaa unajaa watu na maduka lakini taa haijui. Mengine yana waya uliozikwa chini ya lami au kamera juu ya nguzo ya kuhisi gari imefika, sasa wakija kuchimba bomba la maji waya unakatwa na hakuna anayeshtuka. Kubadili muda sio ujenzi, ni fundi kufungua lile kabati pembeni ya barabara. Barabara kuu na za mkoa ni TANROADS, za mitaa ni TARURA tangu 2017, yenu inakutana na kubwa ndo maana unapigwa danadana. Anza na mwenye barabara kubwa, barua kwa meneja wa mkoa, nakala kwa hao wengine na trafiki wa wilaya, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, bila muhuri hujapeleka kitu.

Chuma cha Mbali:
Sisi wa barabara kubwa je? Mkiongezewa nyie zinatoka kwetu, tunaamka saa kumi huku.

Nondo12:
Asubuhi sawa mnavutana mkuu, ila usiku hakuna anayepoteza. Mzunguko wa dakika nzima na zaidi saa tano usiku wa nini, ufupishwe kila mtu asubiri kidogo aende zake.

Bi Shamba:
Mnaongelea magari tu. Wanaovuka barabara kubwa kwa miguu si wanavuka nyie mkiwa kijani? Njia nne ni kama mita 14, mtu mzima anayetembea vizuri anatumia hizo hizo 12 zote, mtoto wa darasa la kwanza na begi lake anakutwa katikati gari zinaanza kuondoka. Kwenye barua tanguliza hilo, foleni iandike chini. Ukilalamika foleni watakwambia Dar nzima ina foleni.

Mama Wawili:
Eeh hilo kweli jamani, wa shule ya msingi wanavukia hapohapo na huwa wanakimbia, sikuwahi kuwaza ni hizo sekunde.

Mzee wa Kigamboni:
Wakati barua inazunguka muombe trafiki asubuhi. Yeye akinyoosha mkono unamfuata yeye, taa iwake rangi gani haikuhusu. Ila wengine wakishika barabara kubwa wanaisahau ya pembeni kabisa 😅

Mama Wawili:
Asanteni sana. Nitarekodi video asubuhi na usiku. Barua niandike mimi au mwenyekiti wa mtaa?

Nondo12:
Mwenyekiti, na mhuri wa mtaa, na diwani apewe nakala. Wewe mwandikie tu yeye asaini, ukimwachia aandike utasubiri mpaka uchaguzi.