Dawa ya aleji inanilaza mchana kutwa, nifanyeje?

chafya_tupu: Wakuu habarini, nina aleji ya vumbi, nikishika ufagio tu ni chafya mfululizo na macho yanawasha balaa. Natumia chlorpheniramine, inasaidia kweli ila nasinzia kazini kama kuku mwenye kideri na mdomo unakauka hadi ulimi unagandia juu. Kuna mbadala?

mzee_wa_pilipili: Pole mkuu. Hiyo ni ya kizazi cha zamani, inapenya mpaka kwenye ubongo ndo maana inakuzimisha. Ulizia loratadine au cetirizine, mtu mzima 10 mg mara moja kwa siku, ila cetirizine wengine bado inawasinzisha kwahiyo anza kumeza usiku uone

mama_wawili: Na ukimeza hiyo ya zamani usiguse pombe wala usukani!! Wazee wenye tezi dume ndo kabisa, mkojo unaweza kugoma.

chafya_tupu: Asanteni. Na pua kuziba je? vidonge naona haviigusi

mama_wawili: Hapo vidonge mara nyingi havifui dafu, muulize mfamasia dawa ya steroidi ya kupuliza puani, ila unapuliza kila siku, sio siku ukibanwa tu