Gari ya Kumpeleka Mama Tukuyu

*Kikundi: Familia Moja*

Baba Twins: Shikamooni wakubwa. Nina shauri. Ile gari ya zamani nimeshaiuza mnajua, sasa natafuta stesheni wagoni ya familia na nimepata mbili za mkononi, zote namba D (usajili wa herufi D). Moja Subaru Legacy ya 2006, nyeusi, anataka milioni 12 na nusu. Nyingine Toyota Fielder ya 2008, silva, anataka 16. Moyo wangu uko kwenye Subaru siwafichi. Ile bodi jamani, ndefu, imelala, halafu vioo vya milango havina fremu, ukifungua mlango kioo kinabaki kimesimama chenyewe. Nimeizunguka mara tatu pale Mafiati, hapa Mbeya, nikashindwa kuondoka.

Dada Makambako: Marahaba mdogo wangu. Wifi anasemaje?

Mama Twins: Shikamoo wifi. Mimi naangalia kinachoingia ndani. Twins wawili, Mama, sisi wawili, hapo siti zimejaa. Kila baada ya wiki mbili tunampeleka Mama Tukuyu akaone shamba lake, kurudi hatuji mikono mitupu, mikungu mitatu minne ya ndizi, ndoo za parachichi, kuku amefungwa miguu, na kile kiti chake cha plastiki ambacho hakubali kukiacha. Sasa gari iliyolala chini na ile njia ya kutoka lami mpaka nyumbani mnaijua wenyewe

Kaka Iringa: Hapo kwenye njia ndo nataka kusema. Subaru inavuta magurudumu yote manne muda wote, haisubiri wewe ubonyeze kitu. Mimi mlima Kitonga naupita kila mwezi, mvua, ukungu, malori yamejipanga, na sijawahi kukaa kwenye gari inayokaa barabarani kama Subaru. Injini yake imelala pande mbili kwahiyo uzito uko chini. Mdogo wangu hakosei, ile gari sio urembo tu

Baba Twins: Asante kaka, umeniokoa

Dogo Spea: Shikamooni wote. Anko niseme kidogo mana nashinda na hizi spea hapa Mwanjelwa. Subaru sio gari mbaya kabisa. Ila hiyo injini ya 2006 inatumia belti ya taimingi, inatakiwa kubadilishwa kila kilomita laki moja hivi, ikikatika ukiwa unaendesha valvu zinagonga pistoni, hapo unafungua injini nzima. Fielder ya 1.5 ni cheni, hiyo haina habari ukimwaga oili kwa wakati. Alafu plagi za Subaru zimeangalia pembeni zimebanana na bodi, kazi ya nusu saa inakua ya nusu siku. Muulize muuzaji belti ilibadilishwa lini, asipokua na jibu hesabu kua haijabadilishwa

Dogo Spea: Na kuhusu magurudumu manne, yanasaidia kwenye utelezi. Ila njia ya nyumbani shida yake sio utelezi peke yake, ni lile tuta la katikati lililoachwa na matairi ya malori ya Fuso. Tumbo la gari likikalia pale, manne yote yanazunguka hewani

Kaka Iringa: Hilo la tumbo ni kweli. Basi achukue Outback, ni Legacy hiyohiyo imenyanyuliwa, chini ina sentimeta 20

Baba Twins: Outback nimeiangalia kaka, nyingi ni injini ya 2.5, bei imepanda, na za mkononi nzuri huku Mbeya ni chache. Kuagiza nako nimeingia kwenye kikokotoo cha TRA, wale wa mapato, nikafunga simu. Ushuru wa forodha asilimia 25, VAT 18, injini ikizidi sisi (cc) elfu mbili wanaongeza, na gari ikizidi miaka kumi kuna 30 nyingine ya umri. Kodi inakaa kama gari ya pili

Dada Makambako: Nimekaa na kalkuleta. Tukuyu kwenda na kurudi tuweke kilomita 160 mpaka nyumbani. Subaru tuipe kilomita 10 kwa lita, Fielder 14. Tofauti kama lita nne na nusu, tukiiweka lita elfu tatu ni 13,500 kwa safari, safari mbili 27,000 kwa mwezi. Hiyo ni ndogo. Kubwa iko mjini, shule na kazini kilomita 30 kwa siku, siku 22, Subaru tuipe 8 Fielder 12 mana mjini ni kusimama simama, hapo tofauti ni lita 27, elfu 81. Jumla laki moja na nane kwa mwezi, milioni moja na laki tatu kwa mwaka. Lakini tuseme haki, Fielder imezidi bei milioni tatu na nusu, kwahiyo itachukua zaidi ya miaka miwili na nusu ndo ianze kukuokolea hela. Mtu asikwambie Subaru inakufilisi kwa mafuta. Matengenezo sijayaweka.

Mama Twins: Asante wifi. Kwahiyo hela peke yake haituamulii

Shangazi Kiwira: Wanangu hamjambo. Kwanini msichukue Toyota Noah, tunaingia wote siku ya msiba au harusi, mimi hapa Kiwira mnanichukua njiani

Mama Twins: Shikamoo shangazi. Noah tuliifikiria, ila ile ngazi yake Mama goti la kushoto halinyanyuki mpaka pale. Kliniki wamemwambia asilipandishe kwa nguvu

Shangazi Kiwira: Marahaba mwanangu. Basi muulizeni yeye mwenyewe. Gari mnaijadili siku mbili, mwenye magoti hajasema

*Jumapili*

Mama Twins: Jamani tumefanya kama shangazi alivyosema. Wauzaji wote wawili wamekubali kuleta gari hapa Soweto baada ya ibada, nikamwomba Mama ajaribu akiwa na viatu vyake vya kanisani. Naomba niwaeleze vizuri mana mimi mwenyewe nilikua sijawahi kuangalia kwa makini anavyoingia kwenye gari.

Mama Twins: Mama anaingia hivi. Anashika nguzo ya mlango kwa mkono wa kulia, anageuka, anaipa gari mgongo, halafu anajishusha taratibu bila kuangalia mpaka asikie siti. Akishakaa ndo anavuta miguu, wa kulia kwanza, wa kushoto anaubeba kwa mikono chini ya goti. Kwenye Subaru alijishusha, akashuka, akashuka, siti haijafika. Pale alipotegemea kukaa hapakua na kitu, magoti yakakataa, akaachia akadondokea. Hakuumia ila niliona uso wake. Kutoka nilimvuta mikono miwili, twins wanamsukuma mgongoni. Baba Twins alikua amesimama pembeni hajasema neno

Mama Twins: Fielder alikaa vizuri kidogo, akatoka mwenyewe mara ya pili baada ya kupumzika. Sasa sikilizeni. Jirani yetu alikua anashusha viazi kwenye Toyota Probox yake hapo getini, Mama akasema hata ile nijaribu. Akashika nguzo, akageuka, akajishusha kidogo tu, siti hiyo hapo. Akavuta miguu yote miwili, akakaa ameangalia mbele kama anasubiri safari. Akashuka peke yake. Akarudia tena bila kuambiwa!

Bi Mkubwa: 🎤 *Sauti, sekunde 41*

Dada Makambako: Kwa ambao hamna bando, Mama anasema: "Wanangu nawashukuru kwa kunipimisha. Mimi gari yoyote mtakayonunua nitapanda, msigombane kwa ajili yangu. Ila ile ya viazi imenikalisha kama kiti changu cha jikoni. Ile nyeusi ni nzuri sana mwanangu, nimeiona, imeng'aa, ila inanimeza."

Shangazi Kiwira: Ndaga fijo (asante sana) dada. Umesema

Kaka Iringa: Hapo mimi nanyoosha mikono. Mdogo wangu unaendeleaje?

Baba Twins: Niko sawa kaka. Nilipoona Mama anavutwa mikono kama ndoo kisimani ile hamu ya Subaru ilikatika pale pale, sidanganyi. Ila niseme la moyoni, Probox naiogopa. Asubuhi nikisimama Uyole watu wataanza kufungua milango wakijua ni mchomoko, gari ndogo ya abiria. Na kazini kwangu napokea wageni. Siti ya nyuma nayo nilikaa mimi, nyembamba, mgongo unaishia hapa kwenye mabega, twins mpaka Tukuyu watalalamika

Dogo Spea: Anko tafuta Succeed

Baba Twins: Si ndo hiyohiyo?

Dogo Spea: Ni dada yake, zilitoka pamoja 2002. Injini ileile 1NZ ya 1.5 yenye cheni, spea nyingi zinaingiliana, mbele inakaa juu vilevile kwahiyo Mama hatapata shida. Ila zile za kabla ya 2014 Succeed ni ndefu kwa nyuma kuliko Probox, buti inakula mikungu imelala bila kukunjwa, na sura imetulia zaidi. Ombea upate ile ya familia sio ya mzigo, siti ya nyuma ni nene na ina vichwa vya kulalia. Zipo na za kuvuta manne pia, Kaka Iringa atafurahi

Kaka Iringa: Nimefurahi tayari

Mama Twins: Rangi?

Dogo Spea: Nyingi nyeupe na silva mama mdogo, ila nimewahi kuona ya bluu iliyoiva na ikiwekewa rimu nzuri inapendeza

Baba Twins: Bluu iliyoiva hiyo ikipatikana nakupa elfu hamsini yako

Dada Makambako: Angalieni tu isiwe iliyobeba viazi miaka yote

Dogo Spea: Ndo cha kwanza. Nanyanyua zulia la buti, naangalia bodi chini kama imepinda au imepigwa rangi juu ya kutu, nabonyeza nyuma naona shokapu inarudije, alafu kadi na jina la muuzaji viendane. Kuna moja Igawilo ya mwalimu mmoja mstaafu, nimempigia sasa hivi, ya 2009, ya familia, anasema tuje Jumamosi saa tatu

Baba Twins: Tunakuja. Mama, Jumamosi saa tatu upo?

Bi Mkubwa: 🎤 *Sauti, sekunde 6*

Mama Twins: Anasema yupo, na anauliza avae viatu vile vile?

Baba Twins: Vile vile mama. Na mimi nabeba kile kiti cha plastiki tukione kinaingiaje buti