Tupeane uzoefu: watoto wa shule ya msingi, maktaba na kipindi cha sanaa

ChakiNyeupe (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na nimekabidhiwa maktaba pamoja na sanaa. Nilipouliza kwa nini mimi, nikajibiwa kwamba vyote viwili havina mtihani, kwa hiyo mtu mmoja anatosha. Basi nikawa mwalimu wa yasiyotahiniwa.

Mwaka wa kwanza niliboronga. Watoto wanapanga foleni, kila mmoja anaondoka na kitabu, wiki ijayo anakirudisha. Ukimuuliza kinahusu nini anakusomea jina lililo kwenye jalada. Kwenye sanaa nako nilikuwa naweka mtungi juu ya meza, wanachora mtungi, kengele inalia, tunaondoka.

Siku moja kitabu cha picha kilirudi kimeachana vipande viwili katikati. Badala ya kugomba nikakiweka mezani, nikawaita wa darasa la tatu waje waone ndani ya mgongo wa kitabu kuna nini. Waliona uzi. Hawakuamini. Mmoja akasema, "Kumbe kitabu kimeshonwa kama nguo!" Mwingine akauliza nani alichora zile picha, na hapo ndipo nilipogundua sijawahi kuwaambia kwamba jina la mchoraji huwa linaandikwa, mara nyingi pembeni ya jina la mwandishi. Kipindi kizima kikaisha wanatafuta majina ya wachoraji kwenye rafu. Mtoto mmoja akaniletea vitabu vitatu, akaniambia hivi vimechorwa na mkono mmoja, macho ya watu yanafanana. Akafungua kurasa za mwanzo kuhakikisha. Ni kweli.

Tangu siku hiyo nimeacha kutenganisha vile vipindi viwili. Tunatengeneza vitabu. Tulianza na kile cha karatasi moja: unaikunja nusu mara tatu, ukiifungua una vyumba vinane. Unairudisha nusu kwa upana, unakata kuanzia kwenye mkunjo hadi makutano ya katikati, usivuke hapo. Ukiifungua ina mpasuo tumboni. Ikunje kwa urefu, sukuma ncha mbili zielekeane mpaka itokee alama ya kujumlisha, kisha ilaze. Kurasa nane, bila gundi wala pini. Wanafunzi wangu wanajua kukikunja kuliko mimi.

Sasa naomba uzoefu wenu. Walimu, wakutubi, wazazi, hata wewe uliyewahi kuwa mtoto. Nadharia zipo nyingi, hapa leteni mlichokiona kwa macho yenu.

FundiGundi

Mwalimu, uzi wako huu unafaa hata kushonea hivyo vitabu.

Mimi hujitolea kukarabati vitabu vya watoto. Nikuombe jambo moja: ficha selotepu. Nimefungua vitabu vilivyobandikwa selotepu zamani, gundi yake imegeuka njano, imekauka, plastiki inadondoka yenyewe na doa linabaki kwenye karatasi. Tumia gundi nyeupe ya maji, kidogo sana, kwa brashi nyembamba. Weka karatasi yenye nta pande zote za jeraha ili kurasa zisigandane, funga kitabu, weka kitu kizito juu yake, kiache hadi kesho. Watoto wanateseka sana na hilo neno "kesho". Wanataka kuchungulia.

Nilikuwa na "wodi". Ndivyo wao walivyoiita, mimi nilisema meza ya matengenezo. Kila kitabu kilichoumia kinapata kadi: kimeumia wapi, kimetibiwa na nani, kinatoka lini. Uharibifu ulipungua kwa kweli, ila kuna kijana mmoja wa miaka minane alikuwa analeta majeruhi kila wiki. Nikamchunguza. Alikuwa anachana mwenyewe ili apate zamu ya kushika brashi! Nikampa zamu ya kudumu, kuchana kukaisha.

MamaMapacha

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzazi na hii yangu naiandika kwa majuto kidogo.

Mmoja wa mapacha wangu akiwa na miaka saba alikuwa anachora nyumba ambazo kuta zake zinaonyesha ndani. Unaona mlango na paa, na papo hapo unaona kitanda, mtu amelala, mpaka panya chini ya kitanda. Chini kabisa mstari wa ardhi, juu kabisa mstari wa bluu, katikati patupu. Nikawa namsahihisha. "Ukuta hauonyeshi ndani, mwanangu. Mbingu inashuka mpaka chini, haiishii juu kule." Nikamshika mkono nikamchorea. Mwenzake hakuwa anajali, yeye alichora magurudumu tu, lakini huyu aliniamini. Polepole akaanza kuniambia, "Mama nichoree wewe." Mwisho akaacha.

Mkutubi wa shule yao ndiye aliyeniweka sawa, tena bila kunisema. Nilikwenda kurudisha kitabu kilichochelewa, nikataja kwamba mtoto wangu hajui kuchora. Akanieleza kwamba kuna mtaalamu wa elimu ya sanaa, Viktor Lowenfeld, aliyeandika mwaka 1947 kuhusu hatua za uchoraji wa watoto, na kwamba kati ya miaka saba na tisa hivi mtoto huchora anachokijua kuliko anachokiona. Anajua ndani mna kitanda, kwa nini akifiche? Ule mstari wa ardhi na ule wa mbingu nao ni dalili za hatua hiyohiyo. Halafu akaniletea kitabu cha majengo na meli zilizochorwa kana kwamba zimekatwa kwa kisu, unaona kila chumba. Akasema, "Mpelekee, mwambie kuna watu wazima wanalipwa kwa kazi hii."

Alikaa na kile kitabu mpaka muda wa kuazima ukaongezwa mara mbili. Hakurudi kuchora siku hiyohiyo, nisiwadanganye. Ilichukua miezi. Siku moja nikakuta amechora tumbo langu limekatwa, ndani mna watoto wawili na mmoja anasoma. Sikusahihisha kitu.

KalamuButu

Naweka kambi hapa. Mwalimu, huo mkasi unakata mpaka wapi? Nimekata mpaka mwisho nikapata vipande viwili.

ChakiNyeupe

@KalamuButu umevuka makutano. Kata nusu ya njia tu, na uanze upande wa mkunjo, si upande wa wazi. Hata watoto hukosea hapo hapo. Anza na karatasi iliyokwisha tumika.

@MamaMapacha marahaba dada. Hiyo ya "mama nichoree wewe" naifahamu, huja kama "mwalimu nichoree wewe". Siku hizi nakataa kushika penseli ya mtoto.

RafuYaJuu

Mimi ni mkutubi, na nimefurahi kuona mwenzangu kasifiwa, maana kwa kawaida tunakumbukwa kitabu kikipotea.

Hadithi yangu ni ya namba. Maktaba yetu inapanga vitabu kwa mfumo wa Dewey, ule uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1876, wenye makundi kumi kuanzia 000 hadi 900. Watu huona ni mambo ya watu wazima. Jaribuni kumwambia mtoto kwamba madainosari wanakaa 567.9, ngano na hadithi za kale 398.2, vitabu vya katuni 741.5. Haulizi tena, anajiendea. Nina mtoto ambaye hajui namba ya nyumba yao, ila 567.9 anaijua usingizini.

Shida ilikuja kwenye desimali. Pengwini wako 598.47, ndege wawindaji kama tai wako 598.9. Niliwapa darasa la nne kazi ya kurudisha vitabu kwenye rafu, karibu wote wakamweka pengwini baada ya tai. Kwa nini? "Kwa sababu arobaini na saba ni kubwa kuliko tisa." Nikaenda kwa mwalimu wa hisabati nikiwa nimebeba pengwini na tai mkononi. Akacheka, akasema amekuwa akipigana na kosa hilohilo ubaoni. Wiki ile alikuja kufundishia desimali kwenye rafu zangu, na watoto walipanga kwa miguu: wewe ni 598.4, wewe 598.47, wewe 598.9, simameni. (Ranganathan, yule mkutubi wa India aliyeandika kanuni tano za maktaba mwaka 1931, naye alikuwa mwalimu wa hisabati kabla ya kupewa maktaba. Huwa namtaja kwa mwalimu wa hisabati kila ninapotaka msaada.)

Sanaa iliingia hivi. Wa darasa la kwanza hawasomi namba za namna hiyo, kwa hiyo wa darasa la tano waliwachorea alama za rafu. Sharti lilikuwa picha moja, rangi mbili, ieleweke ukiwa umesimama mlangoni. Ubishi mkali ulikuwa kwenye dini na falsafa: unachoraje wazo? Na kwenye ushairi. Walijaribu moyo, ukakataliwa na kikao kwamba moyo ni wa vitabu vya mwili wa binadamu. Mwishowe ushairi ukapewa mdomo wazi ambao mistari inatokea ndani yake. Upo mpaka leo.

MpingaJambo

Nitatofautiana kidogo na ninyi, msinirukie.

Kwanza, rangi za maji na vitabu visikae chumba kimoja. Niliruhusu, kikombe kimoja kikamwagika, ensaiklopidia nzima ikavimba kama andazi. Sisi sasa ndani ya maktaba ni penseli na krayoni tu, brashi nje.

Pili, si kila kitu chenye rangi ni sanaa. Kuna shule niliyopita, kila baada ya hadithi watoto wanapewa kipepeo kilichokwisha chapwa wakipake rangi, eti "sanaa ya maktaba". Vipepeo arobaini ukutani, huwezi kujua nani ni nani. Yule aliyempaka kipepeo wake rangi nyeusi aliambiwa arudie.

Tatu, zile zawadi za "nani kasoma vitabu vingi zaidi". Binti yangu alipata nafasi ya pili. Nikamuuliza siri ni nini, akasema anachagua vyembamba.

HerufiZinacheza

Sikupanga kuandika, ila mleta uzi kasema hata aliyewahi kuwa mtoto.

Mimi nilichelewa sana kusoma. Nikiwa na miaka kumi herufi zilikuwa bado zinanihangaisha, na darasani kulikuwa na sheria kwamba vitabu vya picha ni vya wadogo. Ukishika kimoja wenzako wanakuita mtoto mchanga, na mwalimu hakuwakemea, kwa sababu naye aliamini hivyo. Kwa hiyo nilikuwa naazima vitabu vinene visivyo na picha hata moja, nakaa navyo, nageuza kurasa kwa kukisia muda ambao mtu anayesoma angetumia. Nilikuwa stadi wa kugeuza kurasa.

Mwalimu wa sanaa ndiye aliyenigundua, sijui vipi. Alinipa kitabu cha picha kisicho na neno hata moja ndani. Akasema, "Nataka unisimulie. Kila ukiniambia jambo, nionyeshe umeliona wapi." Nikasema mtu huyu ana huzuni. Akauliza umeona wapi? Nikasema kivuli chake ni kikubwa kuliko yeye, halafu kwenye kurasa za nyuma alikuwa amechorwa katikati, sasa kasukumwa pembeni. Yule mwalimu alinyamaza kidogo, akaniambia hiyo ndiyo kusoma.

Akaniandikia maneno yangu chini ya kila picha, kwenye vikaratasi, kama nilivyoyasema. Wiki iliyofuata niliweza kuvisoma, kwa kuwa nilikuwa nayajua maneno, yalikuwa yangu. Aliwahi pia kunihesabisha kurasa za vitabu vya picha tukakuta 32, kingine 32, kingine tena 32. Akanionyesha kwa karatasi iliyokunjwa kwamba karatasi kubwa za kiwandani zikikunjwa hutoa kurasa kumi na sita kumi na sita, ndiyo maana. Nikaona kwamba hata waandishi wanabanwa na nafasi, nao wanakisia.

Bado nasoma polepole. Ujumbe huu nimeusoma mara tatu kabla ya kuutuma.

RafuYaJuu

@HerufiZinacheza kesho nabandua kibandiko cha "Darasa la 1 na 2 tu" kwenye rafu yangu ya picha. Kiko pale tangu kabla sijafika, na sijawahi kujiuliza kilimsaidia nani.

FundiGundi

Mleta uzi, hivyo vitabu wanavyotengeneza watoto vinaishia wapi? Vinaenda nyumbani au?

ChakiNyeupe

@FundiGundi vilikuwa vinaenda nyumbani, mpaka binti mmoja wa darasa la tatu alipogoma. Alishona chake kwa sindano, matundu matatu kwenye mkunjo, jalada la manila, hadithi ya mjusi anayeogopa ukuta. Akataka kiwe na namba na kadi ya kuazimia kama vingine. Nikampa. Sasa tuna rafu nzima ya vitabu vyao, na kusema kweli ndivyo vinavyoazimwa sana, hata na wale wa foleni ya zamani.

Cha mjusi kimeshaazimwa na watu sita. Kila asubuhi mwenyewe anapita kuangalia kadi. Huyu wa sita amekichelewesha siku nne, na leo binti kaniuliza nitamtoza faini kiasi gani. Nikamwambia hatutozi faini. Akafikiri, akasema basi angalau aandikiwe barua. Ameiandika mwenyewe, chini amemchora mjusi amekaa mlangoni anasubiri. Kesho naipeleka darasa la sita.